Orodha ya Huku na Orodha ya Kule

Dada yangu hakuwahi kuhifadhi namba ya mtu yeyote ndani ya simu. Simu yake ilikuwa kitochi, simu ndogo ya vitufe, na macho yake yalipoanza kufifia, maandishi ya kioo kile yalikuwa ya kwanza kumshinda. Alichokiamini ni kaunta buku moja lenye jalada gumu, ambalo mchana lilikaa juu ya kabati la vyombo na usiku lilikaa chini ya mto wake. Humo aliandika watu wake wote, kwa kalamu ya rangi yoyote iliyopatikana siku hiyo, kwa muda usiopungua miaka ishirini.

Daftari hilo halikufuata alfabeti. Lilifuata matukio. Waliokuja kumzika mume wake walikaa pamoja katika ukurasa mmoja, ijapokuwa mmoja alitoka Iyula na mwingine alitoka Kasama. Waliofariki hawakufutwa, walitiwa msalaba mdogo pembeni na namba zao zikaachwa kama zilivyokuwa. Kurasa nne za katikati zilikuwa za mtu mmoja, binti yake wa kwanza, mpwa wangu, ambaye alivuka kwenda Zambia kufanya kazi ya ususi na ambaye, mara moja au mbili kwa mwaka, alipiga simu kutoka mji mwingine kwa namba nyingine. Namba za binti mwenyewe zilikuwa zimekatwa moja baada ya nyingine, isipokuwa ya mwisho. Zilizoachwa bila kukatwa ni za watu waliowahi kumzunguka: mwenye nyumba aliyempangisha, mchungaji, jirani mwenye duka la dawa, na mwanamke muuza mitumba wa Nakonde aliyekwenda naye safari ya kwanza.

Macho yake yalipofikia hali ya kutotofautisha tatu na nane, dada yangu aliniita kwake, nyumba ya mtaa wa juu hapa Tunduma.

"Mwalimu," akaniambia. Jina hilo alilitumia alipotaka kunitania tu. Siku nyingine nilikuwa mdogo wake. "Umestaafu, unashinda unachezea hiyo kompyuta. Nitolee watu wangu humu uwaweke mle kabla sijawa kipofu kabisa."

"Siichezei, dada. Najifunza kuandika programu."

"Basi andika ya watu wangu. Ukoo mzima unakusifu umesoma Kilatini, na hakuna hata mmoja aliyewahi kukuona unakitumia."

Ni kweli kwamba nilisoma seminari kabla ya kuwa mwalimu, na ni kweli kwamba Kilatini hakijaninunulia hata kiberiti. Lakini huko ndiko nilikofundishwa kunakili. Mzee aliyetufundisha alikuwa akisema kwamba nakala isiyolinganishwa na asili yake si nakala, ni uvumi. Nililishika neno hilo maisha yangu yote, na katika kazi hii ya dada yangu nililitimiza: kila ukurasa niliouingiza kwenye kompyuta nilimsomea tena kutoka kwenye kioo, yeye akiwa ameketi kwenye mkeka barazani, daftari limefunguliwa mapajani mwake ingawa hakuweza tena kulisoma. Alikuwa akizijua namba zake kwa mdundo. Nikikosea tarakimu moja alinisimamisha.

"Huyu wa Iyula nimwandike mnunuzi wa kahawa?"

"Mwandike mwongo wa mizani. Wanunuzi wako wengi, utamchanganya."

"Dada, hiki ni kitabu cha anwani, si mahakama."

"Ndiyo maana nakwambia uandike ukweli."

Tulipofika kwenye zile kurasa nne aliacha mzaha. Aliniwekea mkono juu ya kiganja ili nisiandike kwanza.

"Huyu usimwandike mara moja ukadhani umemaliza. Mwandike kila mahali alipolala. Siku nikifa, wengine wote watasikia wenyewe, Tunduma haina siri. Yeye lazima atafutwe."

Nilijua alichomaanisha. Katika ukoo wetu, mama akifa, jiko lake la nje hufungwa siku ileile, na huwa halifunguliwi mpaka siku ya kuanua matanga, ambapo binti wa kwanza huingia peke yake, huzoa majivu ya mama yake na kuyatoa nje. Ndipo vyombo hugawanywa na moto mwingine huruhusiwa kuwashwa humo. Mtu mwingine hawezi kufanya kazi hiyo. Binti wa pili hawezi, wifi hawezi. Ziko nyumba mbili tatu ninazozijua ambako binti hakuja, na majiko yake yaliangukia ndani na majivu yake.

Nilimaliza kazi baada ya wiki sita. Majina yalizidi mia mbili. Niliyapanga kwa alfabeti, kwa kuwa mpangilio ndio uliokuwa fahari yangu, na kwa kufanya hivyo nilizitawanya zile kurasa nne: mchungaji akaenda kwenye herufi yake, mwenye nyumba kwenye yake. Aidha niliweka amri kwamba kila mara programu inapofungwa, faili yote inakiliwe kwenye flashi, ili hata kompyuta ikiungua tusipoteze mtu. Dada yangu aliposikia habari ya flashi aliuliza kama nayo italala chini ya mto.

Alifariki kabla mahindi hayajakauka, Jumanne asubuhi, kwa shinikizo la damu. Niliichukua kompyuta, nikaisoma namba ya mwisho ya mpwa wangu, nikaipiga kwa laini ya Zambia. Sauti ya mwanamke ilinijibu kwa Kiingereza, kisha kwa Kibemba, kwamba haipatikani. Nilipiga tena mara nyingi. Watu walikuwa wakijaa uani, maturubai yakifungwa, na mazishi yalikuwa kesho yake. Nilijiambia kwamba wale wengine, wa kila mahali alipolala, nitawatafuta kwa utulivu baada ya kuzika, kwa kuwa matanga yangeanuliwa Jumamosi ya tatu na muda ulikuwapo.

Jioni hiyo wifi yake, dada wa marehemu mume wake, alitoka chumbani walikokuwa wakimwandaa maiti, ameshika lile kaunta buku kwa mikono miwili.

"Shemeji, hili tulifanyeje? Tumelikuta chini ya mto."

"Limekwisha kazi yake," nikamjibu. "Yote yamo kwenye kompyuta."

"Yote?"

"Yote. Nimelinganisha mwenyewe."

"Basi aende nalo. Ameliliwaza miaka yote hiyo kama mtoto, tusimtenganishe nalo leo."

Niliona ni jambo jema. Niliona hata lina heshima fulani. Walimwekea ubavuni, jeneza likafungwa, na Jumatano saa tisa alasiri tukalizika.

Ijumaa nilianza kazi ya kumtafuta mpwa wangu. Wakazi wa Tunduma huishi na laini mbili, ya huku na ya kule, na jambo likitokea hugawana: mmoja huchukua watu wa Tanzania, mwingine huchukua watu wa Zambia na kuwapigia kwa laini ya kwao, maana kupiga kwa laini ya nchi nyingine ni kumwaga vocha. Shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wa dada, ana kibanda cha spea Nakonde, ng'ambo ya mpaka, naye alijitolea kuwapigia wote wa kule. Aliniomba karatasi mbili. Nami, badala ya kuketi na kalamu na kunakili majina kama mtu mwenye akili timamu, niliamua kuifanya programu iyagawe.

Nitaeleza nilichokifanya, kwa kuwa kosa lenyewe ni dogo na linaelezeka. Orodha kamili, ambayo programu iliisoma kutoka kwenye faili, niliipa jina la *wote*. Kisha, kabla ya kugusa chochote, nikaandika mistari mitatu:

akiba = wote
huku = wote
kule = wote

Wa kwanza ulikuwa wa usalama. Nilitaka, lolote likitokea, pawe na orodha moja isiyoguswa. Chini ya hapo nikaiagiza mashine ipitie *wote*, mtu mmoja baada ya mwingine, na kila mwenye namba ya Tanzania imwondoe katika *kule*. Kisha ipitie tena, na kila mwenye namba ya Zambia imwondoe katika *huku*. Mwishoni nikaiagiza ihifadhi orodha zote, kila moja katika faili yake, na *wote* katika faili yake ya siku zote. Ilichukua muda mfupi kuliko wa kumeza mate.

Nilifungua orodha ya kule. Katikati ya Wazambia nilikuta Watanzania kadhaa. Nilidhani agizo halikukamilika, labda namba zile zilikuwa na nafasi mwanzoni, jambo ambalo niliwahi kulisoma. Nikarekebisha habari ya nafasi, nikaiendesha programu mara ya pili. Watanzania walipungua lakini hawakuisha. Nikaiendesha mara ya tatu. Nilikuwa nimefiwa na sikuwa nimelala vizuri, lakini huo si udhuru. Nilikuwa nikiwatafuta wale wasiopaswa kuwamo, na sikuangalia hata mara moja kama wanaopaswa kuwamo bado wamo. Mara ya nne orodha nzima iliingia kwenye kioo bila mimi kuisogeza.

Nikafungua *huku*. Ilikuwa ileile. Nikafungua *wote*, ikawa ileile, na nikafungua *akiba*, orodha yangu isiyoguswa, nikakuta watu tisa walewale kwa mpangilio uleule. Flashi, kwa utii niliouagiza mwenyewe, ilikuwa imepokea watu tisa.

Ninaye mwanafunzi wangu wa zamani, mama wa watoto watatu sasa, anayefanya kazi katika ofisi ya wakala wa forodha karibu na maegesho ya malori. Ndiye mtu pekee niliyemjua ambaye aliandika programu kwa riziki. Jumatatu nilimpelekea kompyuta. Aliisoma mistari yangu akiwa amesimama, kisha akavuta kiti akaketi.

"Mwalimu, hizi orodha ni ngapi?"

"Nne."

"Tuulize." Akaandika swali fupi, kama *kule* na *wote* ni kitu kimoja. Mashine ikajibu kweli. Akauliza *akiba* na *wote*. Kweli. "Iko moja, Mwalimu. Hiyo alama ya sawasawa hainakili. Inaipa orodha ileile jina jingine."

"Lakini nimeandika akiba."

"Umeandika jina lake." Hakucheka, ingawa alikuwa na haki. "Ni kama hapa kwetu. Lori moja lina karatasi za Tanzania na karatasi za Zambia. Ukilishusha mzigo kwa karatasi hizi, usitegemee kulikuta limejaa kwa karatasi zile."

"Na kwa nini basi hawakuisha mara ya kwanza?"

"Hilo ni kosa la pili. Umetoa watu kwenye foleni huku unaihesabu. Ukiondoa lori moja, la nyuma linasogea kwenye nafasi yake, wewe umeshapiga hatua kwenda linalofuata. Lile hukulikagua. Limepita." Akageuza kiti kunielekea. "Ulinikata alama kidato cha tatu kwa sababu sikurudia kusoma jibu langu. Unakumbuka?"

"Nakumbuka."

"Hukukosea kunikata."

Akaongeza neno moja katika kila mstari, neno la kuiambia mashine itengeneze orodha nyingine kweli, na programu ikawa sahihi. Ikawagawa wale watu tisa bila dosari: watano huku, wanne kule, tisa katika akiba. Alipojaribu kuyafufua mafaili ya zamani, aliambulia vipande: nusu ya jina, mabano, tarakimu tatu zisizo na mwenyewe. Faili ilikuwa imeandikwa juu yake mara nne. Alinirudishia kompyuta akanisindikiza hadi barabarani, jambo ambalo hufanyiwa wafiwa.

Shemeji nilimwambia mwenyewe, uso kwa uso, kibandani kwake. Alifuta grisi mikononi kwa muda mrefu.

"Kwa hiyo watu wote tunao, ila wako futi sita chini."

"Ndivyo."

"Nikuletee sururu, Mwalimu?"

Nakiri kwamba nilikuwa nimekwisha kuliwaza jambo hilo kabla yake, nikalifikiria kwa utaratibu, pamoja na hali ya udongo na mvua za siku zile, na nililiacha kwa sababu wino wa bei rahisi haustahimili maji, si kwa sababu ya heshima.

Nilijaribu kuzikumbuka zile kurasa nne. Nilikuwa nimezisoma kwa sauti mara mbili, na ningeweza kuchora mahali kila jina lilipokaa: mchungaji juu kushoto kwa wino wa kijani, duka la dawa chini yake. Kurasa nilizikumbuka. Namba hazikuja. Aliyezijua kwa mdundo tulikuwa tumemzika nazo.

Namba ya mwisho ya binti ilikuwa bado kwenye simu yangu, na bado haikupatikana. Tukabaki na tisa, nami niliwapigia wote. Wawili walikuwa na msalaba. Simu ya mmoja wao ilipokelewa na mjane aliyefurahi kwamba bado kuna mtu anamtafuta mumewe. Mwongo wa mizani wa Iyula alilia kwa uchungu wa kweli na kuniambia dada yangu alikuwa mteja mkali. Fundi pikipiki wa Mkwajuni hakumkumbuka kabisa. Mwenyekiti wa kwaya alikwisha kusikia na alikuwapo makaburini siku ya kuzika. Wawili hawakupatikana. Wa nane, mzee wa Saza mwenye mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, hakuweza kunisikia kwa kelele ya mashine hiyo, na alipoizima alisema hamjui binti.

Wa tisa alikuwa mwanamke wa mitumba wa Nakonde. Kosa langu la pili lilikuwa limemruka mara nne. Nilipoona jina lake nilisimama, na nilimpigia nikiwa nimesimama.

"Binti yule? Namfahamu sana, baba. Alikaa kwangu kabla hajaelekea mbele. Alihama Kasama, nasikia akaenda upande wa migodi ya shaba, ameolewa, sijui. Simu yangu ya zamani iliibwa sokoni, namba zote zilikwenda nayo."

"Hakuna anayeweza kuwa na namba yake?"

"Yupo. Mama yake. Yule mama ana daftari, baba, anaandika kila kitu. Mpigie mama yake hapo Tunduma, atakupa hata ya jirani." Kisha, kwa sauti ya mtu anayefunga mazungumzo kwa wema: "Umsalimie sana. Mwambie bado namdai kitenge."

Ilinibidi nimweleze. Alipiga ukelele, akaniambia atauliza kila anayeshusha mzigo pale, na naamini aliuliza.

Jumamosi ya tatu ilifika. Shemeji alikuwa ametuma habari kwa madereva wanaokwenda Ndola na Kitwe, na kwa siku kadhaa tulimtazama kila mwanamke aliyeshuka kwenye bodaboda na begi. Wazee walingoja mpaka saa kumi. Binti wa pili, anayeishi Vwawa, aliomba aruhusiwe kuingia jikoni kwa niaba ya dada yake, akakatazwa kwa upole. Wifi alinitazama mara moja tu. Kisha matanga yakaanuliwa nusu: watu walikula, walinyolewa, walitawanyika, na jiko likabaki na kufuli. Vyombo vya dada yangu viko humo hadi leo. Mvua za mwaka uliofuata zilitoboa bati upande wa mashariki, na ukichungulia tunduni unaweza kuona mafiga matatu na majivu yaliyoshikana kwa maji kuwa kitu kama saruji.

Kitu kimoja kimebaki cha kufanya, nami hukifanya. Mpwa wangu, popote alipo, anayo namba ya mama yake, kwa kuwa ndiyo aliyokuwa akiipiga. Tangu siku za msiba ule hajapiga. Sijui kama alisikia kwa watu na kukasirika, au namba imempotea naye, au hayupo. Kitochi cha dada nakiweka kwenye chaji dirishani pangu. Lakini laini isiyotumika hufungwa na kampuni na kupewa mtu mwingine, kwa hiyo kila mwanzo wa mwezi hukiwekea vocha ndogo na kuitumia laini hiyo kupiga namba pekee ninayoweza kuipiga bila kumsumbua mtu, ambayo ni yangu. Simu yangu hulia mezani. Kioo huandika *Dada*. Lazima ipokewe, la sivyo haihesabiki. Huipokea, huiweka sikioni, hungoja sekunde chache mpaka salio likatwe, kisha hukata simu zote mbili.